Soko Likishuka kwa Miaka: Kuvizia au Kushikilia?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, nimeombwa nizungumze juu ya pesa. Najua matumbo yameshiba futari na daku haiko mbali, kwa hivyo sitawachosha.

Mwaka 2024 na 2025 bei za hisa pale Nairobi zilipanda vizuri. Vijana wameanza tena kuulizana: ninunue za kampuni gani? Ninunue lini? Lakini liko swali ambalo hulisikii: je, soko likigeuka likaanza kushuka, si wiki wala mwezi, bali miaka, mimi nitafanya nini? Swali hili lataka jibu mapema. Paa huezekwa kabla ya masika.

Wazungu soko la namna hiyo huliita soko la dubu. Likifika, watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza ni mviziaji. Yeye asema: nitauza sasa, nikae kando na pesa zangu, bei zikifika chini kabisa nirudi ninunue rahisi. Wa pili ni mshikiliaji. Yeye asema: nilinunua, nashikilia, siuzi, iko siku zitapanda. Kila mmoja humcheka mwenzake. Hebu tuwapime wote wawili kwa mambo yaliyotokea kweli.

MVIZIAJI

Hoja ya mviziaji si ya kijinga. Kitu chako kikishuka nusu, yaani asilimia 50, hakirudi mahali pake kwa kupanda asilimia 50. Shilingi 100 ikiwa 50, inahitaji kupanda asilimia 100 ndiyo irudi 100. Kwa hivyo anayekwepa hasara kubwa amejisaidia sana.

Taabu ni kwamba lazima apatie mara mbili: siku ya kutoka na siku ya kurudi. Akipatia ya kwanza akakosa ya pili, kazi yake imepotea.

Angalieni Marekani mwaka 2008. Wiki iliyoisha Ijumaa tarehe 10 Oktoba, kipimo chao kiitwacho Dow Jones kilianguka kama asilimia 18. Hiyo ni wiki moja tu! Watu waliuza kwa hofu. Jumatatu yake, tarehe 13, kikaruka juu kwa pointi 936, zaidi ya asilimia 11 kwa siku moja. Aliyeuza Ijumaa ameikosa siku hiyo. Katika soko linaloanguka, siku za kupanda sana hukaa jirani na siku za kushuka sana, na mtu hawezi kuzichambua kama mchele na mawe.

Lakini tuseme haki. Baada ya siku ile soko liliendelea kuteremka mpaka tarehe 9 Machi 2009, likafika chini zaidi kuliko Ijumaa ile. Basi aliyeuza Oktoba akanunua Machi angepata faida. Swali ni: nani aliyejua kwamba tarehe 9 Machi ndiyo mwisho wa shimo? Siku hiyo magazeti yalijaa habari za benki kufilisika na watu kuachishwa kazi. Aliyekuwa amekimbia kwa hofu mwezi wa kumi, je, angekuwa na moyo wa kurudi mwezi wa tatu wakati habari ni mbaya zaidi? Wengi hawakurudi. Walingoja mpaka mambo yatulie, na mambo yalipotulia bei zilikuwa zimeshapanda.

MSHIKILIAJI

Sasa mshikiliaji asifurahi mapema. Kauli yake ya "subira, zitapanda tu" nayo ina mipaka.

Tuanze nyumbani. Kipimo cha hisa 20 za soko la Nairobi kilifika kileleni tarehe 12 Januari 2007, kikapita 6,100. Machi 2009 kilikuwa kimeporomoka chini ya 2,500. Kikapanda tena kikapita 5,000, mwanzoni mwa 2015 kikageuka, na mwisho wa 2023 kilikuwa karibu na 1,500. Hata baada ya kupanda 2024 na 2025 hakikuwa kimeurudia ule urefu wa 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho! Ni kweli kwamba kipimo hicho hakihesabu gawio ambalo kampuni huwapa wenye hisa kila mwaka. Lakini bado ni muda mrefu.

Japani ni hivyo hivyo. Kipimo cha Nikkei kilifunga mwaka 1989 kikiwa 38,915. Machi 2009 kilikuwa kama 7,054. Kiliupita ule urefu wa zamani Februari 2024. Hiyo ni miaka 34. Kijana wa miaka 30 aliyeweka akiba yake yote juu kabisa alifika uzeeni akingoja.

Na Saudia, tarehe 25 Februari 2006 kipimo cha soko lao kilipita 20,600. Mwaka huo haujaisha kikawa kimepoteza zaidi ya nusu, na miaka karibu 20 baadaye kilikuwa bado hakijaufikia tena. Walioumia zaidi ni raia wa kawaida walioingia mwishoni, wengine kwa pesa za mkopo, kwa sababu jirani alikuwa amepata.

Tena hapo tunazungumza juu ya soko zima. Kampuni moja inaweza kufa kabisa. Uchumi ilifunga maduka yake 2006 na hisa zake zikasimamishwa. Ilirudi sokoni 2011, lakini baadaye ikaanguka tena. Mumias, ambayo wakulima na walimu wengi walinunua hisa zake, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kushikilia hisa za kampuni inayokufa si subira. Subira ina mahali pake, na kufumba macho ni kitu kingine.

ANAYESHIKILIA KWA PESA ZA NANI?

Nifikapo hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Mimi naona swali la kuvizia au kushikilia ni la pili. La kwanza ni: pesa hizo ni za nani, na zinahitajika lini?

Mnakumbuka Safaricom 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na Wakenya zaidi ya laki nane waliomba. Mapato ya chini kabisa ya kuingilia yalikuwa shilingi 10,000. Wako walioweka akiba yao wenyewe, na wako waliochukua mkopo wa benki wenye riba. Kwa sababu maombi yalikuwa mengi kupita kiasi, mtu wa kawaida alipata kama moja ya tano tu ya alizoomba, zilizobaki akarudishiwa pesa. Huku nyuma riba yahesabiwa.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa zikaanza kuuzwa sokoni, bei ikapita shilingi 7. Shangwe! Mapema 2009 ikawa chini ya shilingi 3. Mwenye mkopo alikuwa hana la kufanya. Benki yataka chake kila mwezi, naye akauza kwa hasara, tena deni likabaki. Mwenye akiba yake aliweza kukaa. Agosti 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Ikashuka tena chini ya 15 mwaka 2023, lakini kwa yule wa shilingi 5 hata hiyo ilikuwa zaidi ya maradufu, ukiacha gawio alilokula miaka yote. Aliyenunua kwa 40 naye ana habari nyingine.

Mwaona? Kampuni ni moja na bei ni moja. Mmoja aliweza kungoja, mwenzake hakuweza, na kilichowatenganisha ni deni. Na sisi Waislamu riba tumekatazwa kabla hatujafika kwenye hesabu yoyote. Hapa hesabu yenyewe yaonyesha sehemu ya hekima yake.

Vile vile pesa ya karo ya muhula ujao, pesa ya mahari, pesa ya mama ya matibabu, hizo si pesa za soko. Ukiziweka huko, siku ya kuuza haitachaguliwa na wewe, itachaguliwa na shida.

HABA NA HABA

Basi asiye na deni, mwenye ziada ndogo ya kila mwezi, afanye nini? Hebu tuhesabu pamoja. Chukueni kalamu.

Juma ana shilingi 4,000. Anunua hisa zote siku moja kwa bei ya 20. Apata hisa 200.

Mwanaisha ana shilingi 4,000 pia, lakini aziweka 1,000 kila awamu. Bei ni 20, apata hisa 50. Bei yashuka 10, apata 100. Yashuka 5, apata 200. Yarudi 10, apata 100. Jumla hisa 450.

Sasa bei ni 10, nusu ya ilipoanzia. Za Juma zina thamani ya shilingi 2,000, amepoteza nusu. Za Mwanaisha zina thamani ya 4,500. Soko liko chini, naye ana faida! Hakuvizia, na wala hakukaa tu akiomba. Kushuka kwa soko kumemwezesha kununua nyingi.

Kwa Mwanaisha soko likipanda mfululizo, angepata kidogo kuliko Juma. Na bei ikienda sifuri, wote wawili wamepoteza. Kwa hivyo njia hii yataka masharti mawili: kampuni ziwe kadhaa, zenye biashara unayoielewa, na kila mwaka usome hesabu zao uone kama bado zina uhai. Bei ikishuka pamoja na soko zima, hilo ni jambo moja. Ikishuka kwa sababu kampuni hailipi wakulima wala wafanyikazi, hilo ni jambo lingine, na hapo kuuza si woga.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Zamani biashara ya kawaida sokoni ilitaka hisa 100 kwa mpigo. Tangu Agosti 2025 mtu aweza kununua hata hisa moja. Haba na haba imefunguliwa mlango.

FUNZO LA NABII YUSUF

Sote twakijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na ndoto ya mfalme: miaka saba ya neema, kisha saba ya ukame. Yusuf alishauri wahifadhi mavuno katika neema ili wale katika shida.

Yusuf alijua ni miaka saba kwa sababu alifunuliwa na Mola wake. Mimi na wewe hatuna wahyi. Anayekupigia simu akakwambia soko litageuka mwezi wa tatu, naye hana. Kwa hivyo katika kisa kile, kujua tarehe si fungu letu. Fungu letu ni ghala: kuweka akiba wakati wa neema, ya kutosha matumizi ya miezi kadhaa, ili ukame ukija usilazimike kuuza. Mwenye ghala anaweza kushikilia. Asiye na ghala, hata akiwa na elimu ya soko, atauza siku mbaya.

MASWALI

Swali: Shekhe, hisa zote ni halali?

Jibu: La. Kampuni za pombe na benki za riba, wanazuoni wamezikataza, na pale Nairobi benki ni nyingi sokoni. Kwa hivyo uwanja wa Muislamu ni mwembamba, na ukiwa mwembamba ndipo uhadhari zaidi usiweke zote pamoja. Zilizobaki nazo, muulize mwenye elimu ya fikihi ya biashara kabla hujanunua. Hata kuuza hisa usiyoimiliki ukitumaini bei ishuke, wanazuoni wengi wamekataza.

Swali: Nilinunua kwa 40, sasa ziko chini. Zaka natoa kwa bei gani?

Jibu: Kama ulinunua kwa nia ya biashara ya kuuza, watoa asilimia 2.5 ya thamani ya siku mwaka wako unapotimia. Ile bei uliyonunulia haiangaliwi. Soko likishuka, zaka yako yapungua nalo. Kama nia ni kukaa nazo ule gawio, wanazuoni wana kauli zaidi ya moja. Mwone shekhe wako umweleze hali yako.

Swali: Mume wangu ataka kuuza ploti tununue hisa kwa sababu zinapanda. Nimwambie nini?

Jibu: Dada yangu, mketi pamoja, kwa upole, mwandike kwenye karatasi: hizi bei zikishuka nusu na zikae hivyo miaka mitano, watoto watakula nini, watasoma kwa nini, tutalala wapi? Mkipata jibu la kila swali, shaurianeni zaidi na mswali istikhara. Msipopata, ploti ibaki.

Ndugu zangu, Ramadhani yatufundisha kungoja jua lizame, na twajua litazama saa ngapi. Soko halina ratiba ya futari. Basi tusiingie ila na kile tunachoweza kukingojea. Allah atupe rizki ya halali, atuepushe na deni, na atukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.