Wageni wa Mirihi na Sauti ya Redio

Maongezi yetu ni juu ya viumbe ambao hakuna mtu aliyepata kuwaona, yaani wageni wasemwao kutoka katika sayari nyingine kuja kuipiga vita dunia yetu. Huenda mmoja wenu akauliza, Je, walimu wamekosa neno la maana la kusema? Twajibu, Sivyo. Viumbe hao hawakufika, lakini habari zao zilifika. Na kwa ajili ya habari tupu watu wazima walitoka nyumbani mwao wakikimbia, na katika mji mmoja nyumba kubwa iliteketea na watu wakafa. Jambo lililoua watu si la mchezo, hata ikiwa asili yake ilikuwa mchezo.

Tuanze na mwaka 1835, zamani kabla ya redio. Katika mji wa New York, huko Marekani, palikuwa na gazeti la bei rahisi liitwalo The Sun, maana yake Jua. Mwezi wa Agosti gazeti hilo lilitoa makala sita mfululizo, likisema kwamba Sir John Herschel, bingwa mkubwa wa elimu ya nyota, ameona viumbe hai mwezini kwa darubini yake mpya. Kulikuwa na wanyama waendao kwa miguu miwili, wakibeba watoto wao mikononi. Kulikuwa na watu wenye mbawa kama za popo. Herschel alikuwa mtu wa kweli, na wakati ule alikuwa kweli katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akitazama nyota za upande wa kusini. Lakini maneno yale hakuyasema hata moja. Yalitungwa na mwandishi wa gazeti, Richard Adams Locke. Angalieni werevu wake: alimchagua shahidi mwenye heshima, tena aliye mbali, ambaye barua ya kumwuliza ilihitaji safari ndefu ya merikebu. Uongo hupenda shahidi wa mbali.

Baadaye macho ya watu yaligeuka kutoka mwezini yakaelekea Mirihi, ile sayari nyekundu. Mwaka 1877 Mwitalia mmoja, Schiaparelli, aliona kwa darubini mistari juu ya uso wake, akaiita kwa neno la lugha yake ambalo laweza kuwa na maana ya mikondo tu. Katika Kiingereza neno lile lilifasiriwa kuwa mifereji, kama ile ichimbwayo kwa mikono. Basi ikiwa kuna mifereji, wako wapi wachimbaji? Mmarekani Percival Lowell aliandika vitabu kueleza kwamba Mirihi inakaliwa na viumbe wenye akili ambao nchi yao yakauka. Kosa la kufasiri neno moja lilizaa taifa zima la watu wasiokuwapo. Mwaka 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha. Mifereji haikuonekana, bali mashimo na jangwa.

Katika hali hiyo ya mawazo, Mwingereza H. G. Wells alitoa mwaka 1898 kitabu chake cha vita vya watu wa Mirihi. Viumbe wale washuka karibu na mji wa Woking, si mbali na London, nao wana silaha za moto zisizoshindika. Mwishowe wafa wote, si kwa mizinga, bali kwa vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Watu wengi hukumbuka vita vile, wakasahau fundisho la sura ya kwanza. Humo Wells awaambia wasomaji wake wasiwahukumu wageni wale kwa ukali mno kabla ya kukumbuka yaliyowapata watu wa Tasmania, ambao walikaribia kufutwa kabisa na wahamiaji kutoka Ulaya kwa muda wa miaka hamsini tu. Hadithi yake ilikuwa kioo: alitaka mwenye nguvu ajione katika hali ya mnyonge. Hadithi ya namna hii si uongo, kwa maana msomaji ajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anasoma hadithi.

Redio ilipokuja, mpaka huo wa hadithi na habari ulilegea. Tarehe 16 Januari 1926, Padre Ronald Knox wa Uingereza alisema katika redio, kutoka Edinburgh, mchezo wa kuchekesha uliosomwa kama habari. Alieleza kwamba wasio na kazi wamefanya ghasia London na kwamba mnara wa saa wa Bunge umeangushwa kwa mizinga, na katikati ya habari ukapigwa muziki wa dansi. Ilikuwa imetangazwa mapema kwamba ni mzaha. Hata hivyo wako waliotaharuki. Tena theluji ilichelewesha magazeti sehemu nyingi, hata wakazi wa mashamba wakadhani ni kweli kwamba London imeharibika.

Sasa twafika kwenye habari iliyo maarufu kuliko zote. Jumapili, tarehe 30 Oktoba 1938, saa mbili usiku kwa saa za New York, kijana Orson Welles, mwenye umri wa miaka 23, aliigiza pamoja na wenzake kitabu cha Wells katika redio ya CBS. Mwandishi wa mchezo, Howard Koch, alihamisha mambo yote kutoka Uingereza mpaka Marekani. Alieleza baadaye kwamba alifumba macho, akaweka penseli juu ya ramani, nayo ikaangukia kijiji cha Grover's Mill, katika jimbo la New Jersey. Basi wageni wakashushwa hapo.

Mchezo ulianza kwa habari za hali ya hewa, ukafuata muziki wa dansi kutoka hoteli. Mara muziki ukakatizwa: milipuko imeonekana juu ya Mirihi. Muziki ukarudi. Ukakatizwa tena: kitu kama kimondo kimeanguka shambani. Mtangazaji akasema kutoka mahali penyewe, sauti yake ikipanda kwa hofu, kisha ghafula ikanyamaza kimya. Mwigizaji huyo, Frank Readick, alikuwa amejifunza sauti ya hofu kwa kusikiliza santuri ya mtangazaji wa kweli aliyeshuhudia ndege kubwa Hindenburg ikiungua mwaka 1937. Ilitangazwa mwanzoni, katikati na mwishoni kwamba huu ni mchezo. Lakini aliyefungua redio kwa kuchelewa hakuusikia mwanzo.

Asubuhi magazeti yalipiga kelele kwamba nchi nzima imeingiwa na wazimu. Hapa ndipo tuwaombapo msikilize kwa makini, kwani uongo wa pili ulizaliwa kutokana na ule wa kwanza. Usiku ule ule kampuni ya kupima wasikilizaji ilipiga simu katika nyumba 5,000. Katika kila watu mia waliojibu, wawili tu walikuwa wakiusikiliza mchezo wa Welles. Wengi walikuwa wakisikiliza kipindi kingine cha vichekesho. Wapo walioogopa kweli, tena si wachache, na simu za polisi na za magazeti zilijaa maswali. Lakini habari za umati wa watu kujaa barabarani na kufa kwa hofu hazikuthibitika. Wanahistoria wa siku hizi hueleza kwamba magazeti yalikuwa na kinyongo na redio, kwa sababu ilikuwa ikiwanyang'anya fedha za matangazo ya biashara. Yakafurahi kuionyesha kuwa chombo cha hatari. Kwa hiyo wengi waliowacheka wajinga wa mwaka 1938 wamejidanganya wenyewe, maana waliamini maneno ya gazeti bila kuyapima.

Profesa Hadley Cantril wa Princeton aliwahoji watu 135, wengi wao wakiwa wale walioogopa, akatoa kitabu mwaka 1940. Aliona kwamba wengine walidhani wavamizi ni Wajerumani, kwa kuwa mwezi wa Septemba redio ilikuwa ikikatizwa kila mara kwa habari za Munich na tishio la vita. Tena aliona jambo la ajabu juu ya upimaji wa habari. Mtu mmoja alichungulia dirishani, akaona magari mengi. Akasema, Watu wanakimbia. Mwingine aliona njia haina gari. Akasema, Magari yamezuiliwa mahali, njia zimeharibika. Mwingine tena aliona mambo yote ni kama kawaida. Akasema, Adui hawajafika mtaani kwetu. Ushahidi wa namna tatu, na hukumu moja! Mtu akiisha kuogopa, huona kwa hofu yake wala si kwa macho yake. Bali wale waliotulia ni wale waliotafuta shahidi wa pili: waligeuza redio kwenye kituo kingine, au walisoma orodha ya vipindi katika gazeti.

Msidhani kwamba mambo yaliishia katika kicheko. Tarehe 12 Februari 1949, katika mji wa Quito, nchi ya Ecuador, redio ya hapo iliigiza mchezo ule ule kwa Kihispania. Muziki ulikatizwa, wageni wakasemwa kuwa karibu na mji, na waigizaji wakaiga sauti za wakubwa wa serikali. Watu walitoka njiani, wengine wakaenda makanisani kusali. Redio ilipotangaza kwamba ni mchezo, hofu iligeuka hasira. Umati ulilipiga mawe jengo la redio, ambalo ndilo lililokuwa na gazeti la El Comercio, kisha ukalitia moto hali watu wamo ndani. Watu wasiopungua sita walikufa. Hakuna mgeni wa Mirihi aliyewaua. Waliuawa na jirani zao waliodanganywa na sauti waliyoiamini.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusiwacheke watu wa Quito. Katika pwani yetu zilivuma habari za mumiani, yaani watu wasemwao kunyonya damu ya wengine kwa ajili ya dawa. Na katika miji ya bara kazi hiyo walisingiziwa wazima moto na magari yao mekundu. Huko pia shahidi alikuwa mbali sikuzote: ni shemeji ya jirani, ni mtu wa mtaa wa pili. Twasema, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni nzuri kwa kumtahadharisha mtu, lakini ni mbaya kwa kumhukumu mtu. Watu wa Mirihi walisemwa katika miji mingi. Hawakuwapo, wala hawakuja. Na mtu asiye na hatia akipigwa kwa ajili ya neno lisemwalo, methali haitamponya majeraha yake.

Basi twaona wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa msemaji. Sauti ya habari ni amana ya watu wote. Yeye aitumiaye kwa mzaha hutumia mali isiyo yake, na siku moto wa kweli utakapowaka, watu watasema, Huo ni mchezo tena. Hadithi na isemwe kwa sauti ya hadithi.

Wa pili ni wa msikilizaji. Asikiapo jambo kubwa, na aulize maneno matatu. Nani aliyeona kwa macho yake? Je, shahidi wa pili yuko, asiyemtegemea yule wa kwanza? Na ni kitu gani nikikiona nitakiri kwamba habari hii si kweli? Swali la tatu ndilo kubwa. Mtu asiyeweza kulijibu anafanana na yule wa dirishani, ambaye magari mengi, na njia tupu, na amani ya mtaa, vyote vilimwambia neno moja. Wafundisheni watoto swali hilo mapema, wangali wanapenda hadithi. Wala msiwanyang'anye hadithi zao, maana ajuaye hadithi vizuri hujua pia mahali inapokoma.