Kasha la Barafu Halitengenezi Baridi
Maelezo ya afisa wa afya ya umma kwa madereva wa malori na familia zao, Mtito Andei

  Najua wengine mna mzigo unaongojewa Malaba, kwa hivyo sitawachelewesha.

Mimi ni mtoto wa dereva wa lori. Nikiwa shule ya msingi, mama alimfungia baba wali na kuku, chakula cha kutosha siku mbili. Alikitoa motoni, akakitia moja kwa moja ndani ya kasha la kuhifadhia barafu na kulifunga kabisa. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Kesho yake mchana baba na utingo wake walikula, na kabla ya jua kutua wote wawili walikuwa wamelala chini ya trela, wanatapika na kuhara. Baba alitusimulia kwamba kilichomtisha si tumbo. Kilichomtisha ni kwamba kizunguzungu kilimpata akiwa bado anaendesha, na mbele yake kulikuwa na matatu iliyojaa watu.

Kosa lilikuwa nini? Kasha halitengenezi baridi. Kazi yake ni kutunza ulichokitia. Ukitia baridi, litatunza baridi. Ukitia chakula cha moto, litatunza joto, na chakula kitabaki vuguvugu usiku kucha. Hapo ndipo vijidudu hupenda kukaa.

Shirika la Afya Duniani linatuambia tuhifadhi chakula chini ya nyuzi joto 5 au zaidi ya nyuzi 60. Katikati ya hapo vijidudu huzaana haraka. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Kukiwa na jua kali kama la hapa kwetu, hesabu saa moja tu. Kumbukeni pia kwamba kabini iliyofungwa juani huwa na joto kuliko nje.

Wengi husema, "Nitakipasha moto, vijidudu vife." Kwa wali hilo si kweli kila mara. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, na vijidudu huzaana na kuacha sumu. Ukipasha moto, vijidudu hufa lakini sumu hubaki.

Basi tufanyeje? Kina mama na kina baba mnaofunga chakula, pikeni mapema. Tandazeni chakula kwenye sinia au vyombo vifupi kipoe haraka, kisha kikae kwenye friji usiku kucha. Kigawanyeni katika vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja, ili dereva asifungue chakula cha kesho anapokula cha leo. Kasha nalo lipozwe kwa barafu kidogo kabla ya kupakia.

Kwa barafu, gandisheni maji ya kunywa katika chupa za plastiki, bila kuzijaza hadi mdomoni. Barafu ya chupa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, hailoweshi chakula, na ikiyeyuka unakunywa maji. Panga chupa chini na juu ya chakula. Nafasi ikibaki, ijaze kwa chupa nyingine au taulo. Weka kasha mahali pasipo na jua, mbali na joto la injini, na ulifunike blanketi. Maji na soda vikae kwenye kasha jingine dogo, kwa sababu kila kifuniko kinapofunguliwa baridi hutoka.

Wenye uwezo hununua friji ya gari. Kabla ya kununua, ulizeni maswali mawili. La kwanza: ina kompresa? Zile za bei nafuu zisizo na kompresa hupunguza takriban nyuzi 20 tu kutoka kwa joto lililopo. Kabini ikiwa na nyuzi 38, chakula kitakaa kwenye nyuzi 18, na hiyo si baridi ya kutosha. La pili: inatumia volti ngapi? Malori mengi makubwa yana volti 24. Friji ya volti 12 pekee itaungua. Msiunganishe kwenye betri moja kati ya mbili ili kupata volti 12, kwa maana betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake na asubuhi lori halitawaka. Tafuteni friji inayokubali volti zote mbili na inayojizima betri inapopungua.

Siku ambayo hakuna barafu, chagueni chakula kisichohitaji baridi: ndizi, machungwa, njugu, mkate, au dagaa wa mkebe. Mkebe ukifunguliwa, umalizeni hapo hapo.

Kuna wenzetu wenye kisukari wanaobeba insulini. Isiyofunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ifungeni kwa kitambaa isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Msiiache kabisa kwenye dashibodi. Ile mnayoendelea kutumia, fuateni maelezo ya mfamasia.

Mkishikwa na tumbo, egesheni. Changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnywe kidogo kidogo. Mkiona damu kwenye choo, homa kali, au kuhara maji mengi mfululizo, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Msingoje kufika mwisho wa safari.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kukifungia chakula, kiguse chombo. Kama bado kina joto, hakijawa tayari kusafiri. Mama yangu hakuambiwa hilo na mtu. Ninyi mmeambiwa leo, mkawaambie na wenzenu walio barabarani. Safari njema, na Mungu awafikishe salama.