Wakati wa Kurina Asali



Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nyuki nyuma ya nyumba nilirina mapema, maana nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Asali ikachacha, nyuki wakahama, na ada haikulipika.

Sasa hufungua mzinga jioni, nikatazama sega. Vyumba vikiwa vimezibwa kwa nta karibu vyote, nakata. Vikiwa wazi narudisha. Asali hiyo bado ina maji, na yakizidi asilimia 20 huchacha upesi. Sega lenye majana siligusi kabisa. Tena masega kadhaa nawaachia wenyewe, hasa maua yanapokaribia kwisha. Mke wangu husema nawajali nyuki kuliko wageni.