Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Jalada la Mwalimu wa Watoto Wadogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, Garissa)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu. Halmashauri imenitaka nieleze jambo ambalo kwa macho ya haraka laonekana kuwa la makarani tu, nalo ni jalada la mwalimu wa watoto wadogo: yaani faili ya karatasi zinazoonyesha kwamba mwalimu huyo amesoma, amefanya kazi, na anastahili cheti chake. Natumaini kwamba nitakapomaliza mtakubaliana nami kuwa jambo hili ni la wazee pia.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wafugaji twaujua ukweli wa maneno hayo, hata wale wetu ambao hawajapata kushika kalamu. Ngamia hupigwa chapa ya ukoo. Siku akipotea akaonekana kwenye kisima cha mbali, chapa ndiyo inayosema kwa niaba ya mwenyewe. Asiye na chapa, hata kama umemlea tangu ndama, utamdai kwa maneno matupu. Kazi ya mwalimu ni vivyo hivyo. Wapo miongoni mwetu kina mama na mabinti waliofundisha watoto kwa miaka mingi, chini ya mgunga au katika chumba cha mabati kando ya duksi. Wamewafundisha herufi, hesabu, usafi na adabu. Lakini nafasi za kazi zinapotangazwa hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Kazi yao ni ngamia bila chapa.

Kwa nini jambo hili ni la haraka? Yafaa tukumbuke tulikotoka. Waraka wa serikali wa mwaka 1965, ule uitwao Waraka wa Kikao Nambari 10, ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zenye mvua na rutuba, na nchi kavu kama yetu ikabaki nyuma. Kwa miaka mingi shule zetu zilitegemea sana walimu waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Walivumilia jua na umbali, wakawafundisha wana wetu, nasi twawiwa nao shukrani. Kisha yakaja maovu tuyajuayo sote. Tarehe 22 Novemba 1914 haikuwa na msiba huu, wala babu zetu hawakuuona. Ni sisi tuliouona tarehe 22 Novemba 2014, basi liliposimamishwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hapa hapa mjini kwetu. Na tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya hapo Tume ya walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na madarasa mengi yakabaki bila mtu wa kusimama mbele ya ubao.

Tuliomboleza, na kuomboleza kulikuwa haki. Lakini maombolezo hayafundishi mtoto kusoma. Fundisho tulilolipata ni kwamba sharti tuwe na walimu wa kwetu wenye vyeti vya kweli, na kazi hiyo yaanza kwa walimu wa watoto wadogo, kwa sababu mtoto asiyepata msingi hafiki mbali. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa tuitazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na serikali hizo zilianza kazi mwaka 2013. Maana yake ni kwamba anayeajiri mwalimu wa chekechea wa shule ya umma katika Garissa, Wajir na Mandera ni kaunti yenyewe. Hatuna tena sababu ya kusema kwamba Nairobi imetusahau katika jambo hili. Lakini Sheria ya Tume ya walimu ya mwaka 2012 yasema kwamba mtu asifundishe shuleni bila kuandikishwa na Tume, na mtu haandikishwi bila cheti. Tena masharti ya kuingia chuoni yamepanda: mwaka 2021 vyuo vya ualimu vilianzisha stashahada mpya ya elimu ya watoto wadogo iliyotaka alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo mlango upo, lakini umewekwa kufuli, na jalada ndilo ufunguo.

Jalada jema lina sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni karatasi za mtu mwenyewe: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Hapa pana jiwe linalowakwaa wengi, nalo ni jina. Binti mmoja huandikwa Fatuma katika cheti cha shule, Fadhumo katika kitambulisho, na Faduma chuoni. Jina la babu huwemo katika karatasi moja na kukosekana katika nyingine. Sisi twajua kuwa ni mtu mmoja, lakini karani huona watu watatu. Dawa yake ni kulinganisha karatasi zote mapema, na kama zinahitilafiana, kwenda kwa wakili au hakimu kula kiapo kwa maandishi, kisha kusahihisha moja baada ya moja. Jambo hili huchukua miezi, wala halifai kungojea wiki ya mwisho.

Sehemu ya pili ni karatasi za masomo: cheti cha kidato cha nne, matokeo ya chuo, na vyeti vya semina. Hizi hazihitaji maneno mengi, ila zitunzwe zote, hata ile ya semina ya siku mbili.

Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa jalada, nayo ni karatasi za kazi. Humo huwekwa maazimio ya kazi ya muhula, maandalio ya masomo ya kila siku, rejista ya mahudhurio, na rekodi ya maendeleo ya kila mtoto. Mtaala wa chekechea uliotolewa mwaka 2017, na kuanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umegawa kazi katika sehemu tano: lugha, hesabu, mazingira, ubunifu pamoja na mazoezi ya viungo, na dini. Jalada lionyeshe kwamba mwalimu amezigusa zote tano.

Wengine hudhani kwamba mwalimu wa kijijini hana cha kuonyesha kwa kuwa hana vitu vya kununua dukani. Sivyo. Mtaala wenyewe wataka vifaa vya mazingira ya mtoto, na lugha ya mahali pake itumike katika kumfundisha. Mwalimu wa Balambala anayewahesabisha watoto kwa mbegu za mkoma zilizookotwa kando ya Mto Tana, au wa Liboi anayewafundisha maumbo kwa mkeka uliosukwa na mama zao, amefanya kazi ambayo msimamizi kutoka chuoni ataipa alama. Lakini sharti aiandike: siku gani, watoto wangapi, alikusudia nini, na kitu gani kilifaulu au hakikufaulu.

Hali kadhalika rekodi ya mtoto. Haitoshi kuandika kwamba mtoto fulani ni mwerevu. Mwalimu aandike alichokiona: kwamba mwezi wa Februari mtoto huyu alihesabu mbuzi watano kisha akachanganyikiwa, na mwezi wa Juni alihesabu ishirini na kugundua kwamba mmoja amekosekana. Maneno mawili kama hayo, yenye tarehe, hueleza ujuzi wa mwalimu kuliko ukurasa mzima wa sifa. Na kama anatia picha za watoto, aombe kwanza ruhusa ya wazazi.

Sehemu ya nne ni ushahidi wa watu: taarifa za msimamizi wa mazoezi ya kufundisha, barua ya mwalimu mkuu, na maneno ya wazazi na wazee.

Jambo hili la ushahidi wa wazazi halikubuniwa leo. Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamekaa katika miji kama Minneapolis na Columbus, kuna cheti cha mlezi wa watoto wadogo ambacho kilianza kutolewa mwaka 1975. Anayekitaka hutakiwa awe na saa 120 za masomo na saa 480 za kazi na watoto, kisha atengeneze jalada lake. Na ndani yake wazazi wa watoto anaowalea huulizwa maoni yao juu ya kazi yake. Nchi yenye fedha nyingi bado humwuliza mama wa mtoto.

Wala si lazima twende ng'ambo kutafuta mfano. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao waliingia shule wakiwa nyuma. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan walianzisha chekechea zilizounganisha mafunzo ya dini na masomo ya kisasa. Walimu wao walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, na walifundishwa kazi huku wakiendelea kufundisha. Mpango ule ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Siri yake haikuwa majumba, bali jamii yenyewe kumchagua mwalimu na kumsimamia. Duksi zetu zina watoto, zina heshima, na zina wazee. Kilichopungua ni karatasi.

Wazee wangu, sasa naomba ruhusa niseme neno zito. Kwa desturi yetu ushahidi wa mzee ni jambo kubwa. Kwa neno lake diya hulipwa na vita huisha. Kwa hiyo barua yenu katika jalada la mwalimu ina uzito. Lakini barua hiyo ikitolewa kwa sababu ya ukoo, kwa binti ambaye mzee hajamwona akifundisha hata siku moja, basi tumeiba mara mbili: tumemwibia binti mwingine aliyefanya kazi, na tumewaibia watoto watakaokaa miaka miwili mbele ya mtu asiyeweza kuwafundisha. Ubaya ni ule ule kwa mwalimu anayenakili maandalio ya mwenzake, au kununua jalada lililotengenezwa na mtu mwingine mjini. Chapa ya uongo juu ya ngamia ni wizi, na chapa ya uongo juu ya kazi ni wizi pia. Mzee aandike alichokiona tu, ataje mahali na muda, kisha atie sahihi au dole gumba.

Kabla sijamaliza, naliweka mbele ya mkutano huu ombi la mambo matatu. La kwanza: chama kiwe na sanduku la chuma ofisini, ambamo nakala za karatasi za kila mwalimu wa vijiji vyetu zitahifadhiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Mchwa na vumbi twavijua, na mafuriko ya Tana ya mwaka 2023 na 2024 hatujayasahau. La pili: kila likizo, chama kiweke siku moja ambayo walimu wenye vyeti watakaa na wasio navyo, wakayapitia majalada yao karatasi kwa karatasi. La tatu: katika kila kijiji wazee wawili, wa koo mbalimbali, wateuliwe kulitembelea darasa mara moja kila muhula, ili watakapoandika barua waandike kwa macho yao wenyewe.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Sanduku moja, gharama ya fotokopi, na miguu ya wazee yatosha kuanza. Tusipoyafanya, nafasi zitatangazwa tena, mabinti zetu watarudi tena nyumbani mikono mitupu, na watoto wa vijiji vyetu wataendelea kungoja mwalimu ambaye yupo tayari mbele yao, ila hana karatasi ya kumtambulisha.

Namwomba Mwenyezi Mungu atupe nia njema na nguvu ya kuitimiza.