Miguu ya Mwana-Punda katika Siku za Kwanza



Punda jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mwanachama ampotezaye mwana-punda amepoteza mwaka mzima, na hasara hiyo si ndogo siku hizi. Nchini Kenya, sensa ya 2009 ilihesabu punda kiasi cha milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio kwa ajili ya biashara ya ngozi, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji huo kwa miaka 15. Hata hivyo, punda wa kubeba maji, kuni na madebe ya maziwa hadi kituo cha chama hana budi kuzaliwa na kukuzwa nyumbani.

Kwa hiyo haifai mwana-punda auawe au aachwe afe kwa sababu tu amezaliwa na miguu iliyopinda. Wengi hupona. Ila wapo wanaopona wenyewe, wapo wanaohitaji msaada, na wapo ambao msaada usiowafaa huwalemaza kabisa.

Jambo la kutazamwa kwanza si mguu, bali saa. Mwana-punda mzima husimama katika muda wa saa moja hivi tangu kuzaliwa, na hunyonya kabla ya saa tatu kupita. Huzaliwa akiwa karibu hana kinga ya maradhi katika damu yake. Kinga huipata katika dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea kwa saa za kwanza tu. Zikitimia saa 24, mlango huo umefungwa. Mtoto asiyeweza kusimama basi hakosi mwendo tu, hukosa dang'a. Ainuliwe na kushikwa kwenye chuchu. Isipowezekana, mama akamuliwe na mtoto anyonyeshwe kwa chupa, akiwa ameinua kifua. Asimiminiwe maziwa kinywani hali amelala ubavu, maana yataingia mapafuni.

Baada ya hapo ndipo miguu itazamwe. Kano zilizolegea huwatisha watu mno: kifundo kilicho juu ya kwato hushuka karibu kugusa ardhi, ncha ya kwato huinuka, na mtoto hukanyaga kwa kisigino. Kumbe kasoro hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Kano hukaza zenyewe kwa kadiri mtoto anavyotembea, mara nyingi katika wiki mbili. Atembee kidogo kidogo na mama yake mahali tambarare pasipo mawe, wala asifungwe bandeji nzito, kwani kano inayoegemezwa na kitambaa huzidi kulegea.

Yuko mmoja tu asiyefaa kutembezwa hivyo, naye ni yule aliyezaliwa kabla ya wakati. Hujulikana kwa manyoya laini kama hariri, masikio yaliyolegea na paji la uso lililobenuka. Mara nyingi naye kano zake ni legevu, lakini mifupa midogo ya magoti yake bado ni laini kama gegedu. Akikimbizana na mama yake malishoni, mifupa hiyo hupondeka, na goti halitanyooka tena. Huyo akae zizini, asimame kwa muda mfupi mfupi, hadi daktari wa mifugo amwone.

Kinyume cha ulegevu ni kano fupi. Goti au kifundo hakinyooki, na mtoto husimama juu ya ncha za kwato au hukunja kifundo mbele. Kama mguu waweza kunyoshwa kwa mkono, matumaini ni makubwa. Daktari aweza kumpiga sindano ya oksitetrasaiklini kwa kipimo kikubwa, ambayo hulegeza kano. Dawa hiyo wafugaji wa ng'ombe wanaijua, na hapo ndipo ilipo hatari: kipimo kama hicho chaweza kuharibu figo za mtoto asiyenyonya vizuri. Chupa iliyobaki nyumbani kwa jirani isiguswe.

Magango nayo husaidia, kwa mfano bomba la plastiki lililopasuliwa na kutandikwa pamba nyingi, lakini yafunguliwe kila siku na mguu upumzishwe saa kadhaa. Ngozi ya mtoto ni nyororo, na kidonda huingia upesi. Wako watu wepesi wa kufunga vijiti kwa kamba ya katani. Hao hunyosha kano na kuozesha mguu.

Magoti yanayoelekeana kidogo hayana neno. Ila mguu uliopinda upande kwenye kifundo usingojewe: mfupa wa hapo hufanya sehemu kubwa ya ukuaji wake katika miezi mitatu hivi ya mwanzo, na baada yake nafasi ya kuunyosha ni ndogo.

Mwisho ni kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, mtoto akichechemea. Mara nyingi husemwa kwamba mama amemkanyaga. Yafaa ichukuliwe kwanza kuwa ni vijidudu vilivyoingia kwa njia ya kitovu, na daktari aitwe siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kitovu huchovywa katika ayodini mara mtoto azaliwapo.

Katibu anayempigia daktari simu awe ameandika saa ya kuzaliwa, saa ya kunyonya, miezi ya mimba, ni mguu upi, kama wanyooka kwa mkono, na kama kiungo ni cha moto. Akiambiwa tu kwamba mguu umepinda, daktari hawezi kujua kama aje leo au wiki ijayo.