Mungu Hahitaji Fahali Wetu

Wapendwa wasikilizaji, Dominika hii tuitafakari Zaburi ya 50, ambayo katika hesabu ya Kigiriki na Kilatini ni ya 49. Ni ya kwanza kati ya zaburi 12 zenye jina la Asafu. Aya zake ni 23 tu, lakini ndani yake imo kesi nzima. Mwenyezi Mungu anatokea Sayuni, anaziita mbingu na nchi ziwe mashahidi, kisha anaagiza washtakiwa wakusanywe. Je, ni mataifa yasiyomjua? Sivyo. Ni watu wake mwenyewe, waliofungamana naye kwa dhabihu.

Fungamano hilo tunalikuta katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 24. Chini ya mlima Sinai, Musa alinyunyiza altareni nusu ya damu ya wanyama, akawasomea watu kitabu cha agano, nao wakaahidi kutii. Ndipo akawanyunyizia wao damu iliyosalia. Damu moja iligusa altare na watu. Basi mtu wa agano hawezi kuwa na uso mmoja altareni na mwingine nyumbani.

Shtaka si kwamba sadaka zimepungua. Zilitolewa daima. Ila watu walianza kumdhania Mungu kuwa kama mzee anayelishwa na wanawe. Naye anawakumbusha kwamba wanyama wote wa msituni na wa milimani ni mali yake; hata angeona njaa, asingewaomba wao chakula. Anachotaka ni sadaka ya shukrani, nadhiri zilizotimizwa, na moyo unaomkimbilia siku ya taabu.

Sadaka ya shukrani ilikuwaje? Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 7, chaagiza nyama yake iliwe siku ile ile, isibaki mpaka asubuhi. Mtu mmoja atammalizaje fahali kwa siku moja? Mwenye kushukuru alihitaji watu wa kula naye.

Hapo twaielewa sehemu ya pili ya Zaburi. Mungu anamgeukia yule anayezikariri amri huku akiandamana na wezi na wazinzi, tena anaketi kumsingizia ndugu yake wa tumbo moja. Katekista mpendwa, na mimi ninayenena katika redio: kukariri amri ndiyo kazi yetu. Neno hili latupiga sisi kwanza.

Niruhusuni nikiri. Siku moja ya mavuno, muumini alileta altareni magunia ya mahindi. Nilijua kwamba shamba lile alimnyang'anya ndugu yake kwa ushahidi wa uongo. Lakini kanisa letu lilihitaji mabati. Nikapokea, nikamshukuru mbele ya watu, nikanyamaza. Ndugu yake alikuwa ameketi benchi la nyuma. Dominika iliyofuata hakuja.

Zaburi yasema kwamba Mungu alinyamaza, mwovu akadhani Mungu ni mwenzake. Kimya cha Mungu ni subira, kumpa mtu nafasi ya kutubu. Kimya changu kilikuwa woga, nacho kilimsaidia yule mtu kudhani kwamba Mungu yuko upande wake. Niliwaendea wote wawili baadaye, nikiwa nimechelewa. Mmoja alinisikiliza, mwingine bado hajarudi mezani pa Bwana.

Ndugu wapendwa, neno Ekaristi maana yake ni shukrani. Bwana wetu ametufundisha kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Wiki hii, isomeni Zaburi hii kwa sauti nyumbani. Mkifika pale panapotajwa ndugu, nyamazeni kidogo, kila mmoja ataje moyoni jina la yule anayekosekana mezani pake. Kisha, kabla ya Dominika ijayo, aende kwake. Zaburi inafunga kwa ahadi: anyooshaye njia yake ataonyeshwa wokovu wa Mungu.

Mungu awabariki. Amina.