Kukamatwa kwa Mara ya Kwanza: Programu Mbadala za Mashtaka kwa Madereva Walevi



Mada hii inamhusu dereva wa aina moja: anayefikishwa kortini kwa mara ya kwanza kwa kuendesha gari akiwa amelewa, asiye na kosa la nyuma, na ambaye usiku ule hakumgonga mtu. Sote tunamfahamu. Anakamatwa Ijumaa usiku, analala seli, Jumatatu asubuhi anapanda kizimbani na shati lile lile, anakiri, analipa faini, na adhuhuri haijafika yuko nje anafuatilia gari lake kituoni. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinamruhusu hakimu kumtoza hadi shilingi 100,000, au kumfunga hadi miaka miwili, au yote mawili. Mwenye nacho huilipa faini hiyo na kuisahau. Asiyenacho huenda jela kwa sababu ya umaskini, ingawa kosa ni lile lile. Na tangu kizuizini hadi kizimbani, hakuna hata mmoja wetu, awe polisi, mwendesha mashtaka, hakimu au afisa wa uangalizi, aliyewauliza watu hawa wawili: unakunywa kiasi gani, na tangu lini?

Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa hesabu za serikali yenyewe. Sidai kwamba pombe ndiyo iliyowaua wote. Ninachosema ni kwamba tunapomkamata dereva mlevi kabla hajaua, tumepata nafasi adimu, na tunaitupa kwa kuandika risiti.

Hoja yangu ni kwamba programu mbadala ya mashtaka ina thamani pale tu inapouliza swali hilo la ulevi na kufuata jibu lake mwaka mzima. Kama kazi yake ni kumsitiri mtu asipate rekodi, afadhali tusiianzishe kabisa.

Jambo ambalo jalada halisemi

Tunapoandika "mkosaji wa mara ya kwanza" tunaandika habari za jalada, na jalada linajua alichokiona polisi tu. Vizuizi ni vichache, usiku ni mrefu, na njia za panya zinajulikana na kila mnywaji. Uwezekano wa kukamatwa katika safari moja ya ulevi ni mdogo sana, hata katika nchi zenye polisi wengi kuliko sisi. Kwa hiyo, wengi wa hao tunaowaita wa mara ya kwanza wameshaendesha wakiwa wamelewa mara nyingi wakafika salama, na kila safari iliyoisha salama iliwafundisha kwamba wanaweza.

Lakini miongoni mwao yupo pia yule aliyekunywa harusini siku hiyo tu. Na yupo anayeamka na kiu ya pombe. Faini haiwezi kuwatofautisha. Mahali pa kuwatofautisha ni mezani kwa mtu aliyefunzwa kuuliza, na programu isiyoanzia mezani hapo imekosea tangu siku ya kwanza.

Mfano wa Oregon

Marekani haina msimamo mmoja. California imefunga mlango: sheria yake ya magari inakataza kesi ya kuendesha ukiwa umelewa kuondolewa kwenye mkondo wa mashtaka. Oregon imeufungua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na imepata muda wa kuukarabati. Ndiyo maana nimeichagua.

Mshtakiwa wa Oregon ana siku 30 tangu afike kortini mara ya kwanza kuwasilisha ombi. Lazima akiri kosa au aseme hapingi shtaka, na kukiri huko kunawekwa kando kwa mwaka mmoja. Anafanyiwa tathmini ya matumizi ya pombe na dawa za kulevya, kisha anapelekwa kwenye tiba inayolingana na matokeo. Anaketi kwenye kikao cha waathiriwa, ambako mzazi aliyefiwa na mtoto au mtu aliyevunjwa mgongo anaeleza yaliyompata. Mwaka mzima haruhusiwi kutumia kilevi, na sheria imekumbuka hata kuruhusu divai ya ibada kanisani. Akipatikana amevuka kiwango cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ambacho ndicho kiwango cha Tanzania pia, gari lake hufungwa kifaa cha kupuliza: injini haiwaki mpaka apulize na pumzi yake iwe safi. Akimaliza yote, shtaka linafutwa. Akishindwa, hakuna kesi nyingine. Alishakiri, kwa hiyo anahukumiwa.

Sifa kubwa ya utaratibu huu, kwa maoni yangu, ni kule kukiri mwanzoni. Programu inayomwacha mshtakiwa arudi kusikilizwa kesi baada ya miezi kumi ya kuzembea inauzawadia uzembe wake: mashahidi wamehamishwa, afisa aliyempima hapatikani, kumbukumbu zimefifia. Oregon imekata mwanya huo.

Sifa ya pili ni orodha ya wasioruhusiwa. Aliyejeruhi au kuua haingii. Mwenye leseni ya magari ya biashara haingii. Aliyewahi kutiwa hatiani au kupitia programu hiyo ndani ya miaka 15 haingii. Nasi tukifika hapo tusitetereke: dereva wa matatu, wa basi la shule au wa lori la mafuta abaki kwenye mkondo wa kawaida, hata kama ni baba wa watoto sita na machozi yanamtoka. Aliyebeba roho 14 nyuma yake alikubali kipimo kingine cha uangalifu siku alipochukua leseni ile.

Kasoro ya Oregon ni gharama. Ada ya korti peke yake ni dola 490, na tathmini dola 150. Ukijumlisha tiba na kifaa cha kwenye gari, mtu hupita dola 1,000 kwa urahisi. Maskini anaweza kuomba apunguziwe au aahirishiwe malipo, lakini lazima ajue kuomba. Tukinakili ada hizo tutakuwa tumejenga mlango wa wenye magari makubwa, huku mwenye bodaboda akiendelea kwenda gereza la Industrial Area.

Rekodi ibaki

Hapa najua mimi na baadhi ya mawakili waliomo ukumbini hatutakubaliana. Programu ikifuta shtaka, je, ifute na kumbukumbu? Nasema hapana. Oregon inafuta shtaka lakini hairuhusu kumbukumbu ya kukamatwa ifungwe baada ya programu, na hivyo akirudi, korti inajua kwamba alishasaidiwa mara moja.

Pennsylvania imekuwa na programu yake tangu mwaka 1972, na mvutano wake unatufaa kama onyo. Sheria ya jimbo ilihesabu kupitia programu kuwa ni kosa la kwanza, hivyo kosa lililofuata ndani ya miaka 10 lilivuta adhabu ya kosa la pili. Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba kuongeza adhabu kwa njia hiyo kunavunja katiba, kwa sababu mtu aliyekubali programu hakuwahi kuthibitishwa kuwa na hatia. Ubishi wa miaka mingi ulitokana na jambo ambalo lingeweza kutatuliwa siku ya kwanza kwa kumtaka mshtakiwa akiri kosa mbele ya hakimu, akijua mapema maana ya kukiri kwake iwapo atarudi.

Sheria tuliyo nayo

Husemwa kwamba tusubiri Bunge. Sioni sababu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia mbadala za kutatua migogoro. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera yake ya mwaka 2019 kuhusu kuwaondoa wakosaji kwenye mkondo wa mashtaka. Na kabla ya hayo yote kuna Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji, Sura ya 64, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa wizi mdogo na kusahau kwamba ni pana zaidi. Hakimu akiridhika kuwa shtaka limethibitika, sheria hiyo inamruhusu kutoa amri ya uangalizi bila kumtia mshtakiwa hatiani. Muda ni kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu. Mkosaji lazima aseme mwenyewe kwamba yuko tayari. Na masharti yanaweza kuwekwa kulingana na kile kinachoweza kuzuia kosa lisirudiwe. Zaidi ya hapo, kifungo cha miaka miwili cha kifungu cha 44 kiko ndani ya upeo wa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, inayogusa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu. Vifaa tunavyo.

Tatizo ni ushahidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni za mwaka 2011 za kipimo cha pumzi, na tangu hapo kila msako wa Alcoblow, yaani wa kipima pumzi barabarani, unaandamwa na maswali ya kisheria. Mtu hawezi kuombwa akiri kwa hiari kosa lililopimwa kwa njia anayoweza kuipangua. Kipimo kisimame imara kwanza, la sivyo tutapata waliokiri kwa woga tu.

Mlango uwe kortini

Nawaomba maafisa wa trafiki wanisikilize kwa moyo mweupe. Programu hii isianzie barabarani. Uamuzi wa nani aingie na nani asiingie ukiachwa mikononi mwa aliyesimama kwenye kizuizi saa nane za usiku, utapata bei kabla ya mwezi kuisha, na afisa mwaminifu ndiye atakayeumia zaidi, kwa sababu kila dereva atamwona kama muuzaji. Kazi ya barabarani ibaki kukamata, kupima na kuandika. Mlango uwe mbele ya hakimu, hadharani, kwa sababu zilizoandikwa.

Kufuatilia mwaka mzima

Kile kifaa cha Oregon cha kupuliza kwenye gari kinafanya kazi. Tafiti zilizokusanywa Marekani zinaonyesha kwamba kikiwa kimefungwa, kukamatwa tena hupungua kwa takriban theluthi mbili. Kikiondolewa, faida huyeyuka. Hilo latosha kutuambia kwamba kifaa huzuia mkono tu, hakigusi kiu. Isitoshe, wakosaji wetu wengi wanaendesha pikipiki, au gari la mwenzao, na kifaa hakiwafai.

South Dakota inatupa wazo lililo karibu zaidi na mfuko wetu, ingawa lilibuniwa kwa ajili ya wakosaji sugu. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo, Larry Long, alianzisha utaratibu wa kumtaka mkosaji afike kituoni kupuliza mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa malipo ya dola moja kila kipimo. Akipuliza pombe analala ndani siku hiyo hiyo, usiku mmoja au miwili, kisha anaendelea. Watafiti wa taasisi ya RAND walichapisha matokeo mwaka 2013: katika ngazi ya kaunti, kukamatwa tena kwa ulevi barabarani kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kwa asilimia 9. Hiyo asilimia 9 inanigusa kuliko ile 12. Mke na watoto wa dereva huyu hawakuwa kwenye hati ya mashtaka, na bado walipata nafuu. Adhabu ndogo inayokuja leo inamfikia mnywaji kuliko kubwa itakayokuja siku moja. Kwetu kipimo cha mara mbili kwa siku ni kigumu, lakini kipimo cha kushtukiza mara mbili kwa wiki katika ofisi ya uangalizi kinawezekana.

Kuhusu tathmini, hatuanzi na mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la AUDIT, maswali 10 tu, ambayo afisa wa uangalizi aliyefunzwa anaweza kuyauliza kwa dakika chache. Wataalamu wa Moshi, Tanzania, katika Hospitali ya KCMC, walishalipima kwa Kiswahili kwa majeruhi wanaofikishwa pale, na kutokana na kazi hiyo wakaandaa mazungumzo mafupi ya ushauri yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Hao ni jirani zetu, wanazungumza na wanywaji wa mbege kwa lugha ya wanywaji wa mbege. Hakuna sababu ya kuagiza mtaala kutoka Oregon wakati Moshi ipo.

Wa alama za chini wapewe mazungumzo hayo na darasa fupi. Wa alama za juu wapelekwe kwenye tiba halisi, na hapa kaunti lazima ziweke fedha, kwa sababu kumwamuru mraibu aache pombe bila kumpa daktari ni kumtegea aanguke.

Kikao cha waathiriwa ningekibakiza, ingawa tafiti zake zimetoa matokeo yanayokinzana kuhusu kupunguza kurudia kosa. Nakitetea kwa sababu nyingine. Katika kesi ambayo hakuna aliyeumia, familia zilizokwisha kuumizwa na madereva kama huyu hazina mahali pengine pa kusema.

Pa kuanzia

Napendekeza kituo kimoja cha mahakama, kwa mwaka mmoja, chini ya kamati yake ya watumiaji wa mahakama, ambayo tayari inawakutanisha hakimu, mwendesha mashtaka, polisi, magereza na sisi wa uangalizi. Ada ya korti isiwepo. Asiyeweza kulipia kipimo afanye saa za huduma kwa jamii badala yake. Mafanikio yasihesabiwe kwa idadi ya waliomaliza, maana kuketi darasani si kazi ngumu. Yahesabiwe kwa waliokamatwa tena ndani ya miaka mitatu, wakilinganishwa na wenzao waliolipa faini katika kituo cha jirani.

Na kwa kikao cha kwanza cha kamati hiyo, karani aombwe alete majalada yote ya kifungu cha 44 ya miaka mitano iliyopita, ili kabla hatujabishana lolote tuone ni majina mangapi yanajirudia, na ni mara ngapi kila jina liliandikwa kuwa mkosaji wa mara ya kwanza.